Kipokezi chini ya mto: kisa cha kihisi cha moyo na hofu ya mionzi

Kisa hiki kinamhusu mgonjwa aliyefungwa kihisi cha moyo kisichotumia waya, kisha akawa anakivua usiku kwa kuogopa mionzi. Nilikuwa kwenye timu iliyomhudumia, upande wa vifaa tiba. Jina, umri kamili, mahali na aina ya vifaa vimeondolewa, na mambo madogo yasiyogusa maana yamegeuzwa ili asitambulike. Tulipoanza tuliamini kazi yetu ni kumwondolea mama wa watu hofu. Tulipomaliza tulikuwa tumekubali kwamba sehemu ya hofu ile ilikuwa na msingi, na kwamba msingi wenyewe tuliuweka sisi.

Mgonjwa na vifaa vyake

Mama huyu alikuwa amevuka miaka 60. Alizimia mara mbili ndani ya miezi michache, na mara ya pili alianguka akajigonga kichwa. Picha ya CT ya kichwa, yaani eksirei inayopigwa kutoka pande nyingi, ilitoka safi. Kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kulala kitandani dakika chache, hakikuonyesha kitu. Daktari wa moyo alishuku kwamba moyo unasimama kwa sekunde kadhaa kisha unaendelea na kazi yake, na tukio la namna hiyo haliwezi kunaswa kwa dakika chache isipokuwa kwa bahati. Akaagiza avae kihisi siku 14 mfululizo, usiku na mchana.

Vifaa vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kibandiko cha kifuani: plasta pana yenye kidude kigumu katikati, ndani yake betri, saketi na antena. Hiki husoma umeme wa moyo na kuurusha kwa Bluetooth ya nguvu ndogo. Kina kumbukumbu yake, kwa hiyo mawasiliano yakikatika kwa saa chache, data hubaki salama hadi yatakaporudi. Cha pili ni kipokezi kinachofanana na simu ndogo. Hupokea data kutoka kifuani na kuituma kituoni kupitia mtandao wa simu.

Muuguzi aliyemfunga alifuata karatasi yetu ya maelekezo. Karatasi ilisema: "Kaa na kipokezi karibu nawe muda wote." Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo.

Siku baada ya siku

Siku tatu za kwanza mama alitii kwa moyo mmoja. Mchana kipokezi kilikaa ndani ya nguo, kifuani, kimegusa ngozi. Usiku kilikaa chini ya mto. Chumba chake kilikuwa upande wa nyuma wa nyumba, kuta nene, mtandao unashika kwa shida. Alimwambia binti yake kwamba kitu chenyewe kinachemka na kwamba anaamka na kichwa kizito.

Siku ya nne ngozi chini ya kibandiko ilianza kuwasha. Jioni palikuwa na wekundu. Siku hiyohiyo ndugu mmoja alituma ujumbe wa sauti akieleza kwamba vifaa hivi "vinachoma kutoka ndani".

Siku ya tano binti alipiga simu kituoni. Mazungumzo yamehifadhiwa, nayanukuu kwa ufupi.

"Dada, naomba kuuliza. Hiki kitu alichofungwa mama kinatoa mionzi au hakitoi?"

"Hakuna mionzi yoyote, msiwe na wasiwasi kabisa."

Binti alikuwa ameshika kijitabu cha kipokezi, na ukurasa wa tatu ulisema wazi kwamba kifaa hutoa nishati ya mawimbi ya redio. Hakubishana. Aliaga kwa adabu akakata simu, na tangu dakika ile hakuna neno letu lililoaminiwa katika nyumba hiyo.

Usiku ule walikiviringisha kipokezi kwa karatasi ya alumini, wakakibandika kistika cha "kuzuia mionzi" na kukiweka mvunguni mwa kitanda. Usiku wa sita mama alivua kibandiko kabisa, akakirudisha alfajiri kwa plasta ya kawaida. Usiku wa saba alifanya vivyo hivyo. Karibu na mapambazuko alikuwa anaelekea bafuni, akaanguka. Aliumia bega, hakuvunjika. Kibandiko kilikuwa kwenye droo. Tukio tulilolisubiri siku saba lilipita bila kurekodiwa.

Mfumo wetu ulikuwa unaonyesha mapengo tangu usiku wa tano. Aliyekuwa zamu aliandika "mtandao hafifu" akaendelea na wengine.

Tulichokiona nyumbani

Mimi na muuguzi tulikwenda. Muuguzi, ambaye ana hekima kuliko sisi wa vifaa, alianza kwa kuomba radhi. Alisema: "Mama, mliambiwa hakuna mionzi. Hilo halikuwa jibu la kweli. Ipo ya aina fulani, na leo tumekuja kuiangalia pamoja nanyi." Binti alivuta kiti akakaa. Kabla ya hapo alikuwa amesimama mlangoni.

Tuliomba kuona ngozi. Kifuani palikuwa na pete nyekundu ya mraba, kingo zimenyooka kama zimechorwa kwa rula, vipele vidogo vimepangana pembeni. Katikati, mahali kidude kigumu kilipokaa, ngozi ilikuwa shwari. Muuguzi alichukua kibandiko kipya akakigeuza na kumwonyesha mama: gundi iko hapa pembeni, antena iko hapa katikati. Kama ni mawimbi yaliyochoma, yangeanza kuchoma chini ya antena. Mama alitazama kibandiko, akatazama kifua chake, akasema polepole, "Kumbe ni gundi."

Ilikuwa gundi. Jambo hili si geni kwa vihisi vya kuvaa. Kwa vihisi vya sukari, madaktari wa ngozi waliripoti mwaka 2017 wagonjwa waliopata mzio wa kemikali iitwayo isobonili akrilati, iliyomo kwenye gundi na plastiki ya baadhi ya vifaa hivyo. Wekundu unaofuata umbo la plasta ni dalili ya kutazama gundi kwanza.

Kisha tukahamia kwenye kipokezi, na hapo nikanyamaza kidogo. Kijitabu chake kilieleza kwamba kimepimwa usalama kikiwa umbali wa milimita 15 kutoka mwilini, na kiagizo ni kisikae karibu zaidi ya hapo. Sisi tulimwambia mama akae nacho karibu muda wote, naye akakigusanisha na ngozi siku tatu. Wala si kweli kwamba alikosea maelekezo. Aliyafuata.

Kipokezi kina ukurasa wa ndani unaoonyesha nguvu ya mtandao. Tulikiweka chini ya mto, kikasoma hasi 114. Tukakipeleka dirishani, kwenye meza ndogo, kikasoma hasi 88. Namba ikikaribia sifuri, mtandao unashika vizuri zaidi. Kwa kipimo hiki cha desibeli, kila tofauti ya 10 ni mara 10 katika nguvu, kwa hiyo tofauti ya 26 ni karibu mara 400. Simu na vifaa vya aina hii hupandisha sauti, yaani nguvu ya kurusha mawimbi, pale mnara unapovisikia kwa shida na huishusha pale unapovisikia vizuri. Chini ya mto kilikuwa kinapiga kelele, sentimita mbili kutoka kichwani.

Karatasi ya alumini ilizidisha tatizo. Haikuwa imefunika kila upenyo, kwa hiyo kipokezi kiliendelea kuutafuta mtandao kwa nguvu zake zote usiku kucha, huku mawasiliano na kibandiko yakikatika. Betri ilikuwa shahidi: kwa kawaida ilidumu zaidi ya siku nzima, usiku ule iliisha kabla ya kukucha. Kuhusu kistika, hatukumcheka mtu. Bidhaa hizi huuzwa kwa watu wenye hofu ya kweli. Marekani, tume inayolinda wanunuzi iliwashtaki baadhi ya wauzaji wake mwaka 2002 kwa madai yasiyo na ushahidi.

Hesabu tuliyoifanya mezani

Kiswahili kimetutega hapa. Neno "mionzi" linabeba jua, eksirei, tiba ya saratani na simu, vyote kwa pamoja. Mtu akisikia kihisi kina mionzi, anawaza ile inayoua seli za saratani. Ilibidi tuanze kwa kutenganisha.

Mionzi ya eksirei na CT ina nguvu ya kung'oa elektroni na kuharibu vinasaba. Mawimbi ya Bluetooth, yanayotembea kwenye gigahezi 2.4, kila chembe yake ya nishati ni dhaifu takriban mara milioni moja kuliko inayohitajika kwa kazi hiyo. Madhara yake yaliyothibitishwa ni joto: yakiwa na nguvu ya kutosha hupasha tishu. Ndiyo maana mipaka ya usalama hupimwa kwa wati zinazofyonzwa na kila kilo ya mwili.

Binti aliuliza swali ambalo sikulitegemea: kama ni hivyo, ile CT ya kichwa je? Nilimjibu ukweli. CT ya kichwa humpa mtu takriban milisiveti 2 za mionzi yenye uwezo wa kugusa vinasaba, karibu na kile ambacho mtu wa kawaida duniani hupata kwa mwaka mzima kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Ilikuwa na sababu nzuri na ilifaa kupigwa. Lakini ni kweli kwamba kwa CT hakuna aliyeuliza, wala sisi hatukueleza.

Nikachukua karatasi. Mwongozo wa mwaka 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa inayoweka mipaka ya mawimbi haya, unaruhusu kwa mtu wa kawaida wati 2 kwa kilo kwenye kichwa na kiwiliwili, wastani wa gramu 10 za tishu. Gramu 10 kwa wati 2 kwa kilo ni miliwati 20. Maana yake, kifaa kinachotoa chini ya miliwati 20 hakiwezi kuvuka mpaka huo hata kama mwili ungemeza kila tone la nguvu yake. Bluetooth ya kibandiko cha mama hutoa miliwati 1, tena kwa vipindi vya sehemu ndogo ya sekunde. Hata ingemezwa yote, na ingerushwa bila kupumzika, ni sehemu moja ya ishirini ya mpaka. Mpaka wenyewe umewekwa mara 10 chini ya kiwango ambacho joto huanza kuwa la kuhofiwa.

Kipokezi ni habari nyingine. Kifaa cha mtandao wa kizazi cha nne kinaweza kufikia takriban miliwati 200 kikipiga kelele. Hapo hesabu ya miliwati 20 haitoshi kukisafisha, na usalama unategemea umbali na namna kilivyopimwa. Kwa hiyo kama ni kupunguza mawimbi mwilini mwa mama, kuvua kibandiko kulipunguza kidogo sana, na kikubwa kilikuwa kinatoka kwenye kipokezi.

Tulimweleza pia kwamba shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio mwaka 2011 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ushahidi ukiwa haba. Tungeweza kuliacha hilo. Lakini angelikuta kwenye simu yake jioni ileile, na tungekuwa tumerudia kosa la siku ya tano.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mama: aendelee au asiendelee. Tulimweleza kwamba vipo vihisi vinavyohifadhi tu bila kurusha chochote, ambavyo husomwa baada ya kurudishwa, na kwamba akitaka tutamtafutia, ila majibu yatasubiri hadi mwisho. Alifikiri, akauliza kama angeweza kuanguka tena katika siku hizo za kusubiri. Tukasema inawezekana. Akachagua kuendelea na chenye kurusha, kwa mpangilio mpya.

Kipokezi kilihamia kwenye meza ya dirishani, zaidi ya mita mbili kutoka kitandani. Mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Kutoka sentimita mbili hadi mita mbili ni mara 100 kwa umbali na kwa makadirio mara 10,000 kwa nguvu. Karibu kabisa na antena kanuni hii haishiki sawasawa, lakini mwelekeo ndio huo. Na kwa kuwa dirishani mtandao ulishika vizuri, kipokezi chenyewe kilishusha sauti, faida juu ya faida. "Mita mbili" hazikumwingia mama mara moja. Muuguzi akamwambia anyooshe mikono yote miwili: hiyo ni pima moja, kizidi hapo kidogo. Akaelewa papo hapo.

Tulijaribu mpangilio akiwa amelala. Ubavu wa kulia, mawasiliano mazuri. Ubavu wa kushoto, akiwa ameupa mgongo dirisha, yalikatika, kwa sababu maji ya mwilini humeza mawimbi ya gigahezi 2.4. Tulimgeuzia kichwa upande wa pili wa kitanda, na kwa mapengo mafupi tukaitegemea kumbukumbu ya kibandiko.

Uamuzi uliozua mabishano ulikuwa wa muda wa kutuma. Kipokezi kilikuwa kinatuma kila baada ya dakika chache. Nilipendekeza kitume mara moja kwa saa, isipokuwa kikitambua tukio kubwa. Daktari alisita: "Nikichelewa kuona?" Swali lake lilitulazimisha kusema jambo ambalo familia haikuwahi kuambiwa. Kifaa hiki ni cha kutafuta ugonjwa, si cha kuokoa mtu usiku. Hakuna anayekodolea macho skrini saa tisa za usiku. Binti alishtuka, alidhani yupo. Tulikubaliana na daktari juu ya saa moja, na tukaipa familia maelekezo ya nini cha kufanya mama akizimia, kazi ambayo ilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Kwa mgonjwa wa wodini anayefuatiliwa dakika kwa dakika nisingependekeza hata kidogo kupunguza utumaji.

Kibandiko kilihamishwa sehemu nyingine ya kifua, ngozi ikatandazwa utando mwembamba wa kinga kwanza, tukatumia aina yenye gundi tofauti.

Matokeo

Tulianza upya siku 14. Wekundu ulirudi kidogo na kupoa. Betri ya kipokezi ilifika jioni ya pili bila kuisha. Kichwa kizito cha asubuhi kilitoweka, na sidai kwamba ni kwa kupungua mawimbi: mtu aliyekuwa analala juu ya kitu kigumu, kwa hofu, sasa alikuwa analala. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dalili za namna hii ni za kweli kwa anayezipata, ingawa hakuna msingi wa kisayansi wa kuzifunga na mawimbi yenyewe.

Usiku wa tisa, mama akiwa usingizini, moyo ulisimama kwa zaidi ya sekunde sita. Hakuhisi lolote. Rekodi ilifika kituoni ndani ya saa hiyohiyo, ikasomwa asubuhi, akapigiwa simu. Aliwekewa kisaidia moyo, kifaa cha ndani ya mwili kinachoushtua moyo kwa umeme mdogo pale unapositasita.

Uchambuzi

Kosa kubwa kuliko yote ni sentensi ya karatasi. "Karibu nawe muda wote" iliandikwa na mtu aliyewaza mawasiliano tu. Umbali una pande mbili: usizidi mahali data inapokatika, na usipungue mahali kifaa kilipopimiwa usalama. Karatasi ilitaja upande mmoja. Sasa inasema kipokezi kikae mezani au kwenye mkoba, kisiguse mwili, kisiwekwe chini ya mto, na kiwe mahali mtandao unashika vizuri. Hatua hii haikugharimu chochote, na katika kisa hiki ilipunguza mawimbi mwilini kuliko kila kitu kingine tulichofanya.

Kosa la pili ni jibu la simu. Mwenzetu alikuwa na nia njema, alitaka kutuliza. Lakini "hakuna mionzi yoyote" ni kauli inayoweza kukanushwa na ukurasa mmoja wa kijitabu. Tungesema, "Ipo, ni mawimbi kama ya simu, ya kibandiko ni dhaifu sana, niambie kipokezi mnakiweka wapi," tungelijua tatizo la mto siku ileile na mama asingeanguka bila rekodi.

La tatu ni kusoma pengo la data kama tatizo la mtandao. Pengo linaloanza saa ya kulala na kuisha alfajiri, siku mbili mfululizo, ni tabia ya mtu. Ilitosha kumpigia simu.

Kuna jambo ambalo wenzangu wawili hawakubaliani nami, nami nalieleza waziwazi. Wanasema tulitumia nguvu nyingi kupunguza mawimbi ambayo huenda yalikuwa ndani ya mipaka. Ni kweli kwamba siwezi kuonyesha faida yoyote ya kiafya aliyoipata mama kwa mawimbi kupungua, na sitaidai. Hatari ya hakika ilikuwa kutovaa kihisi. Lakini kifaa kilichopimwa kwa milimita 15 kilikuwa kimegusa ngozi kwa agizo letu, na kurekebisha hilo ni wajibu hata kama hakuna aliyeumia. Zaidi ya hapo, mama alikubali kuvaa tena kwa sababu tulikuwa na kitu cha kurekebisha mbele ya macho yake.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni kugeuza kibandiko na kuonyesha antena iko wapi. Hoja zote za wati kwa kilo zilikuja baadaye, na nadhani zilimsaidia binti zaidi. Mama alishawishika na ngozi yake mwenyewe.

Ziara ya nyumbani haiwezekani kwa kila mgonjwa. Tumeibadilisha kwa simu ya siku ya pili yenye maswali matatu: kipokezi kinalala wapi, ngozi ikoje, na kuna jambo lolote la vifaa hivi linalokusumbua moyoni. Swali la tatu ndilo hutoa majibu marefu.

Kisaidia moyo cha mama nacho huwasiliana bila waya, kwenye megahezi 402 hadi 405, masafa yaliyotengwa kwa vifaa vya ndani ya mwili, ambako kiwango kinachoruhusiwa ni maikrowati 25, sehemu moja ya arobaini ya kile cha kibandiko. Kinakuja na kisomaji cha kuweka chumbani. Siku ya kukabidhiwa, fundi alikitoa kwenye boksi na kufungua mdomo kuanza maelezo. Kabla hajatamka neno, mama alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili, anapima kutoka kitandani hadi mezani.